Samaki wa Tangi Asipelekwe Mtoni

Kufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo ni burudani iliyokwisha kuenea katika miji ya Afrika Mashariki. Matangi hayo huonekana katika kumbi za hoteli, katika zahanati, maofisini na katika nyumba za watu wa kipato cha kadiri. Miongoni mwa samaki wote wafugwao kwa njia hiyo, walio rahisi zaidi kwa mtu aanzaye kujifunza ni wale wazaao watoto hai badala ya kutaga mayai: gapi, moli, plati na mkia-upanga. Samaki hawa huvumilia maji ya aina nyingi, hula karibu kila kitu wapewacho, na huzaliana bila ya taabu yoyote ya mfugaji. Ndiyo sababu hupendekezwa kwa watoto na kwa shule, na mapendekezo hayo ni ya haki.

Lakini uvumilivu huo una upande wa pili ambao ni nadra kutajwa dukani. Samaki asiyekufa upesi katika tangi hafi upesi katika mtaro, wala katika kijito, wala katika bwawa la kijiji. Maoni yatolewayo hapa ni mawili, na hayapingani. La kwanza ni kwamba samaki hawa wanastahili kufugwa kwa wingi kuliko ilivyo sasa, hasa shuleni. La pili ni kwamba asiwepo hata mmoja wao atiwaye katika maji ya nje, hata kwa nia iliyo njema kabisa.

Namna wanavyozaa

Kwa mtu wa pwani, habari ya samaki azaaye si ngeni. Wavuvi wanajua kwamba papa wa aina nyingi hubeba watoto tumboni. Hata silakanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa katika pwani ya Tanzania mwaka 2003, huzaa watoto hai. Gapi na jamaa zake hufanya jambo hilohilo katika mwili wenye urefu wa sentimeta chache. Pezi la dume lililo nyuma ya tumbo limegeuka likawa jembamba mithili ya kijiti, na kwa pezi hilo dume huingiza mbegu katika mwili wa jike. Mayai hukua humo ndani, na baada ya majuma 3 hadi 5 hivi, kwa kutegemea joto la maji, jike huzaa watoto waliokamilika. Huzaliwa wakiwa na macho na mapezi yao, na saa ileile huogelea na kujitafutia chakula. Gapi jike aliyekomaa huweza kuzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja.

Liko jambo jingine ambalo mfugaji hana budi kulijua. Jike huweza kuzihifadhi mbegu za dume mwilini mwake kwa miezi kadhaa, na kuzitumia kidogo kidogo kwa uzazi mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mtu anunuaye majike matupu kwa kudhani kwamba hawatazaa hujidanganya. Karibu kila jike mkubwa atokaye dukani amekwisha kukutana na dume. Kwa hesabu ya chini, jike azaaye watoto 20 kila mwezi atakuwa na watoto 120 katika miezi 6, bila ya kuhesabu wajukuu. Na wajukuu hawachelewi, kwani binti huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi michache tu. Kinachopunguza idadi hiyo tangini ni kwamba watu wazima hula watoto wao wenyewe.

Asili ya gapi ni kaskazini ya Amerika ya Kusini pamoja na visiwa vya jirani kama Trinidad. Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Peters, alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1859 kutokana na samaki waliotoka Caracas, nchini Venezuela. Jina ajulikanalo kwalo sasa limetokana na Robert John Lechmere Guppy, ambaye aliwapeleka samaki hao London kutoka Trinidad, nao wakaelezwa upya huko mwaka 1866. Plati na mkia-upanga asili yao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wote hao, basi, ni wageni katika bara la Afrika.

Darasa ndani ya kioo

Wako wanaoliona tangi la samaki kuwa pambo la wenye nafasi. Historia ya sayansi haikubaliani nao. Mwaka 1920 Johannes Schmidt wa Denmark alichunguza doa jeusi lililo katika mapezi ya gapi madume, akaona kwamba doa hilo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wake wa kiume peke yao. Miaka miwili baadaye, mwenzake Øjvind Winge alithibitisha kwamba jeni ya doa hilo imo katika kromosomu ya kiume. Ugunduzi huo, ambao umo katika misingi ya elimu ya urithi, ulifanywa kwa samaki ambao leo huuzwa kwa bei ya chini kuliko wote.

Katika miaka ya 1920 vilevile, Myron Gordon wa Marekani na Curt Kosswig wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliwazalisha plati na mkia-upanga kwa pamoja. Waliona kwamba baadhi ya watoto wa mchanganyiko huo hupatwa na uvimbe mweusi wa saratani pale ambapo mzazi alikuwa na madoa tu yasiyo na madhara. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mwelekeo wa kupata saratani waweza kurithiwa. Mwaka 1980 John Endler alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya gapi wa vijito vya Trinidad. Mahali penye samaki wakali walao gapi, madume huwa na madoa machache na hafifu. Mahali pasipo na maadui hao, vizazi vichache tu hutosha kuwafanya madume wawe na rangi nyingi zaidi. Mageuzi ya viumbe, ambayo wanafunzi wengi huyasoma kama hadithi ya mamilioni ya miaka, yaliweza kuonekana katika muda wa utafiti wa mtu mmoja.

Shule ya sekondari isiyo na maabara ya kutosha yaweza kuyaonyesha mengi ya mambo haya kwa matangi mawili ya lita 40, pampu ndogo ya hewa na chujio la sifongo. Kwa kuwatenga dume na jike waliochaguliwa, na kuandika rangi za watoto wanapokua, darasa zima litaona urithi kwa macho yake. Watalazimika pia kutafuta jike ambaye bado hajakutana na dume, na katika kutafuta huko watajifunza kwa nini jaribio lisilo na uangalizi wa mwanzo halina maana.

Maji yenyewe ni somo. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Aina moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji majuma 4 hadi 6 hivi kuenea katika chujio na changarawe za tangi jipya. Wafugaji wengi wapya hujaza samaki siku ya kwanza, wakawapoteza katika majuma mawili, kisha wakalaumu duka. Kosa si la duka. Tangi jipya litiwe samaki wachache tu, walishwe kidogo, na robo ya maji ibadilishwe kila juma. Maji ya bomba yaachwe wazi katika ndoo usiku na mchana ili klorini itoke. Na pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi, itumike dawa ya kuiondoa.

Samaki wa jamii hii hupenda maji magumu kuliko maji laini. Kwa hiyo maji ya visima vya pwani, yapitayo katika miamba ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi, huwafaa vizuri, mradi yasiwe na chumvi kali. Na moli huvumilia hata chumvi kiasi. Penye maji laini ya milimani, kipande cha jiwe la chokaa ndani ya tangi husaidia. Katika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hakuna haja ya kupasha maji joto. Katika Nairobi, Arusha au Mbeya, miezi ya Juni na Julai yahitaji kifaa cha kupasha joto, ili maji yasishuke chini ya nyuzi 20 za sentigredi kwa muda mrefu.

Ndoo ya huruma

Baada ya miezi kadhaa mfugaji aliyefuata maelekezo haya hukabiliwa na tatizo ambalo limetokana na mafanikio yake: samaki wamekuwa wengi mno. Jirani amekwisha kupewa, na rafiki vilevile. Muuza duka hataki kuwarudisha. Kuwaua ni vigumu, hasa kwa mtoto aliyewaona wakizaliwa. Ndipo mtu mwenye moyo mwema huchukua ndoo akateremka nayo kwenye kijito, akawamwaga samaki wake na kurudi nyumbani akiamini kwamba amewapa uhuru.

Ni kwa ndoo kama hiyo, pamoja na mipango ya kupambana na mbu itakayotajwa hapa chini, kwamba gapi ameenea katika nchi zaidi ya 60 ambazo si kwao, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwao. Wala haihitajiki ndoo iliyojaa. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na gapi wa Trinidad walionyesha kwa majaribio kwamba jike mmoja mwenye mimba, akiwekwa peke yake katika hodhi la nje, huweza kuanzisha jamii nzima yenye kudumu.

Madhara ya wageni hawa hayalingani. Aliyethibitishwa zaidi kuwa mharibifu ni gambusia, ndugu wa gapi atokaye Amerika ya Kaskazini, ambaye alipelekwa nchi za kusini mwa Ulaya na Australia katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kula viluwiluwi vya mbu. Huko alikopelekwa hutafuna mapezi ya samaki wengine, na hula mayai na watoto wao pamoja na vijana wa vyura. Mwaka 2000 aliwekwa katika orodha ya viumbe wageni 100 walio wabaya kuliko wote duniani, iliyotolewa na Muungano wa Kimataifa wa Hifadhi ya Asili. Ushahidi dhidi ya gapi si mzito kiasi hicho, na haifai kumzidishia. Hata hivyo yeye pia hula mayai na watoto wa samaki wengine na hugombea chakula nao. Katika visiwa vya Hawaii, samaki wa jamii hii walioingizwa walileta minyoo ambayo sasa huwapata samaki wenyeji wa vijito vya huko. Maradhi hayo hayaonekani ndani ya ndoo.

Yupo atakayesema kwamba samaki wa urefu wa kidole hawezi kuleta balaa kubwa. Jibu lake ni kwamba katika jambo hili ukubwa wa samaki hauna uzito kuliko ukweli kwamba akishatiwa majini hawezi kurudishwa. Funzo la Ziwa Victoria bado halijasahaulika. Sangara alitiwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka maziwa ya Albert na Turkana. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na athari kubwa. Kisha, kufikia miaka ya 1980, aliongezeka ghafula, na furu wa aina nyingi mno, zinazokadiriwa kwa mamia, wakatoweka au wakapungua kiasi cha kutoonekana nyavuni. Ni kweli kwamba sangara alileta viwanda na fedha za kigeni, na ni kweli pia kwamba uchafuzi wa maji ulichangia. Lakini waliofanya uamuzi ule hawakuweza kuona mwisho wake, na hakuna aliyeweza kuutengua ulipoonekana. Mwenye ndoo ya gapi naye haoni mwisho wa uamuzi wake.

Vijito na madimbwi ya Afrika Mashariki vina wenyewe. Katika madimbwi ya msimu ya pwani wamo samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao madume yao hawazidiwi rangi na gapi yeyote. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni kisiwa cha Unguja. Dimbwi likauka, wazazi hufa wote. Mayai hubaki hai katika udongo mkavu mpaka mvua irudi. Ni viumbe wa ajabu ambao maabara za ng'ambo huwachunguza kwa ajili ya kuelewa uzee wa mwili, ilhali watoto wengi wa pwani hawajui kwamba wapo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye kwa kuja kwake mwenyeji hutoweka, hakukaribishwa kwa hekima.

Hoja ya mbu

Wako wanaowatia samaki hawa mtoni si kwa huruma, bali kwa nia ya kupunguza malaria. Hoja hiyo ni nzito na yastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa malaria huua. Ni kweli kwamba gapi na gambusia hula viluwiluwi. Lakini mbu Anopheles gambiae, aliye miongoni mwa waenezaji wakubwa wa malaria katika Afrika, hupendelea kutaga katika vidimbwi vidogo vya muda: nyayo za ng'ombe, mashimo ya barabarani, sehemu walipofyatua matofali. Humo hamna samaki awezaye kukaa, kwani hukauka baada ya siku chache. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2013, na kurudiwa mwaka 2017, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kutia samaki walao viluwiluwi hupunguza maambukizi ya malaria kwa binadamu.

Mahali ambapo samaki wanafaa, yaani katika mabwawa ya kudumu, hakuna ulazima wa kumleta mgeni kutoka dukani. Katika eneo la Kisii, magharibi ya Kenya, watafiti walitia sato katika mabwawa ya samaki yaliyokuwa yameachwa na wenyewe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Sato huliwa, na mwanakijiji ana sababu ya kulitunza bwawa lenye kitoweo. Hata hivyo sato naye si mwenyeji wa kila bonde, na penye aina za asili za perege hafai kupelekwa bila ya ushauri wa maofisa wa uvuvi. Kanuni ni moja: samaki wa bonde husika atangulizwe.

Yapasayo kufanywa

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 kuhusu uanuwai wa viumbe, ambao nchi za Afrika Mashariki zimo, unazitaka nchi wanachama kuzuia kuingizwa kwa viumbe wageni watishiao viumbe wenyeji. Lakini sheria haiwezi kuisimamia kila ndoo. Ulinzi wa kweli umo mikononi mwa wafugaji na wauzaji.

Mfugaji asiyetaka kuzalisha anunue madume tu. Wana rangi nzuri kuliko majike, na tangi la madume halitajaa kamwe. Anayezalisha apange kabla ya watoto kuzaliwa ni nani atakayewapokea. Maji ya zamani ya tangi yasimwagwe mtaroni, kwani watoto wachanga huweza kupita humo bila ya kuonekana. Yamwagwe bustanini, ambako nitrati iliyomo ni mbolea. Samaki waliozidi wawezapo kulishwa samaki mkubwa zaidi wa kufugwa, hiyo si dhambi, maana ndivyo waishivyo hata kwao.

Na ikibidi kuwaua, iko njia isiyo na mateso, na dawa yake hutoka Unguja na Pemba. Mafuta ya karafuu huwalaza samaki usingizi. Kiasi cha matone 10 kwa kila lita ya maji yatikiswe kwanza katika chupa yenye maji kidogo mpaka yafanane na maziwa, kisha yamiminwe katika chombo chenye samaki. Waachwe humo si chini ya dakika 10 baada ya kuacha kabisa kupumua, kisha wafukiwe chini ya mti.

Wauzaji nao wana wajibu. Muuza samaki amwambie mnunuzi, kabla ya kupokea fedha, kwamba jike huyu ana mimba na kwamba hapaswi kupelekwa mtoni. Akubali pia kuwarudisha waliozidi, hata bila ya malipo. Walimu waifanye kanuni hii kuwa sehemu ya somo lenyewe, ili mwanafunzi ajuaye kuhesabu watoto wa gapi ajue pia kwa nini hesabu hiyo isihamie kijitoni.

Mtoto aliyekabidhiwa tangi amekabidhiwa uhai wa viumbe wasioweza kumwomba kitu. Hujifunza kulisha kwa kipimo, kusafisha kwa wakati, na kuandika aonayo. Fundisho hilo halijakamilika mpaka ajue kwamba wajibu wake unafika pia kwa samaki asiowaona, walioko katika kijito kilicho nyuma ya nyumba yao.